Lipiko Aliyempenda Binti Yangu

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya ninayokwambia hayakumpata rafiki wa rafiki yangu. Yalinipata mimi mwenyewe, tulipokuwa tumejificha porini upande wa Nhika, wakati wa vita vya kumwondoa Mreno. Sikuwa nimekunywa. Sikuwa na homa. Nilikuwa na wivu, hilo sikatai, lakini wivu haumpofushi mtu. Mwenye wivu huona hata yale ambayo wenzake wameyapita.

Kwa ambaye hakukulia kwetu Wamakonde, nieleze kidogo. Lipiko ni mtu aliyevaa kichwa cha mti kilichochongwa sura ya mwanadamu, mwili wote umezingirwa nguo mpaka vidoleni, njuga kiunoni, anatoka porini na kuja kucheza uwanjani. Hilo la kwamba ni mtu wanalijua wanaume waliopita jandoni. Wanawake na watoto huambiwa ni marehemu, ameitwa kutoka huko waliko wafu, na akitokea ni kukimbia. Wanawake walikuwa hawajui? Walijua wote, nakuapia! Mke wangu Veronika alikuwa akimpikia kaka yake Lidimo asubuhi, na jioni kaka huyo huyo akitoka porini na kichwa chake cha mti, Veronika anapiga ukelele na kukimbia mpaka kanga inataka kumdondoka. Siku moja nikamwuliza kwa nini anajitesa hivyo.

"Nisipokimbia mimi," akasema, "watoto watakimbia na nani?"

Basi hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyowatunzia watoto lipiko wao, kila mtu kwa nafasi yake. Nami nilikuwa mmoja wa watunzaji hao, mpaka lilipokuja suala la Jasinta.

Jasinta ni binti yangu. Nilimwacha anatambaa, nikaenda kuwabebea wapiganaji masanduku kutoka mto Ruvuma kuingia ndani. Nikarudi nikiwa nimechomwa na kisiki mguuni, nikamkuta anaongea kama kasuku. Nilikuwa nimemletea shanga nyekundu, nimezificha kwenye pindo la shati njia nzima. Akajificha nyuma ya mama yake.

"Huyu ni nani?"

"Baba yako," Veronika akamwambia.

"Siye," akasema mtoto. Wala hakusema kwa hasira. Aliuangalia mguu wangu uliofungwa kitambaa, na tangu siku hiyo akaniita Mwenye Mguu. Mwenye Mguu ameamka. Mwenye Mguu anataka maji. Mimi niliyemzaa!

Ningevumilia, niamini, kama asingekuwapo yule lipiko. Watoto wote walikuwa wakimwona wanatawanyika huku wanalia. Jasinta hakukimbia. Alisimama, kidole mdomoni, halafu akamfuata pole pole mpaka katikati ya uwanja. Na lipiko, badala ya kumfukuza kama ilivyo kazi yake, akachutama mbele yake, akainamisha ule uso wa mti, akatikisa njuga kidogo tu, za kumbembeleza. Basi mtoto akaanza kumpa habari za nyumbani. Kwamba nguruwe wamekula muhogo wetu. Kwamba mama amekwenda pwani kuchemsha chumvi. Kwamba Mwenye Mguu anakoroma.

Wanaume walicheka mpaka wakashikilia ngoma zao. Mimi nilihisi moyo unaungua. Halafu akavua zile shanga nyekundu, zangu, nilizozibeba njia nzima, akamfunga lipiko mkononi juu ya nguo.

Na ndani ya zile nguo alikuwa nani? Lidimo, shemeji yangu. Sasa wewe nihukumu. Kwetu mtoto ni wa mjomba. Mjomba ndiye mwenye neno juu ya jina lake, unyago wake, ndoa yake. Lidimo alikuwa ameshapewa mtoto wangu kwa mila, na hapo hapo akamchukua tena kwa kuvaa kipande cha mti. Mtu mmoja achukue mara mbili, ni haki hiyo? Na mtoto mwenyewe hakuwa akimpenda Lidimo sana. Lidimo akija nyumbani bila kichwa chake, Jasinta alimwamkia kama anavyowaamkia watu wengine. Aliyempenda ni yule wa uwanjani.

Nikamwambia Veronika kwamba nitamwonyesha mtoto ukweli. Nikasingizia siasa. Nikasema kamanda kahutubia, mambo ya kuwadanganya watoto yamepitwa na wakati.

"Kamanda mwache kwenye siasa zake," Veronika akanijibu, hata hakuacha kutwanga. "Wewe unaona wivu na mti. Watoto hawa chumvi hawana, nguo hawana, moto wa jioni hawaruhusiwi kwa sababu ya ndege za Mreno. Wameachiwa hiki kimoja. Ukikigusa, mimi na wewe basi."

Nikaondoka pale kinuni, lakini sikuacha kuwaza.

Ikaja siku ya kuwatoa wavulana jandoni, na siku kama hiyo haiendi bila lipiko. Lidimo alikuwa ametumwa mtoni kuchukua mizigo, akaahidi kurudi mapema. Hakurudi. Alasiri wazee wakaanza kutazamana, halafu mmoja wao akanigeukia.

"Shemeji yake si yupo? Mguu umepona. Leo ataingia yeye."

Nilikubali haraka mpaka wakashangaa. Unajua nilifurahi nini? Nilifurahi kwamba Lidimo amechelewa. Nilishapanga yote kichwani: nitacheza, mtoto atanijia, atanishika mkono, ataniambia habari zake. Na nikifika nyumbani nitavua kichwa mbele yake ili ajue ni nani aliyekuwa akimpenda jioni nzima. Baba yake.

Kwa kawaida lipiko huvalishwa na wenzake. Siku ile vijana walikuwa wamepelekwa kulinda njia na wazee walikuwa kwenye ngoma, kwa hiyo nilikwenda peke yangu kule porini, kwenye kibanda ambacho hakuna mwanamke aliyewahi kukikaribia. Kichwa kilikuwa pale, kimefungwa katika gunia. Nikakitoa. Lidimo alikichonga mwenyewe, na shavu la kushoto lilikuwa na ufa alioujaza nta. Tulikuwa na kichwa hicho kimoja tu, kwani vingine viliungua pamoja na kijiji cha zamani.

Nikakiinua nikivae. Hapo ngoma zikabadilika.

Mpigaji hajui kukosea mdundo ule. Ni mdundo wa lipiko akiingia uwanjani. Nikasikia njuga. Nikasikia wanawake wanapiga kelele, Veronika akiwa wa kwanza, sauti yake naijua. Nikajisemea, Lidimo amerudi, amenipita njiani. Halafu nikaangalia mikono yangu. Kichwa nimekishika mimi.

Nilikirudisha ndani ya gunia, nikalibana kwapani, nikarudi kijijini kwa kupita vichakani. Jua lilikuwa linazama. Nikasimama nyuma ya ghala la mtama, mahali ambapo mimi niliuona uwanja na uwanja haukuniona.

Lipiko alikuwa anacheza. Sura ni ile ile. Shavu la kushoto lina ufa. Mkononi, juu ya nguo, shanga nyekundu. Na alicheza, ndugu yangu, sijawahi kuona lipiko akicheza namna ile, hata Lidimo mwenyewe katika siku zake nzuri. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa kwa furaha. Walidhani ni mimi! Na Jasinta alikuwa karibu naye, anaruka ruka, anaongea, anaongea.

Utasema niliogopa. Niliogopa, ndiyo. Lakini kabla ya hofu, nakuapia, kitu cha kwanza nilichohisi ni ule wivu wangu. Hata leo? Hata leo amenitangulia?

Akaacha kucheza. Akamshika mtoto mkono, wakaja moja kwa moja kule nilikojificha, na hakuna aliyewafuata, kwani lipiko akiondoka uwanjani hafuatwi. Nikalibana gunia zaidi kwapani. Walipokaribia nikasikia harufu ya tope la mtoni. Ilikuwa kiangazi, mvua ilikuwa haijanyesha muda mrefu, lakini nguo zake zilikuwa zimelowa chapachapa na vumbi lilikuwa linageuka tope pale anapokanyaga.

"Ana baridi," Jasinta akaniambia. "Amesema anaondoka. Amesema nikushike wewe."

Mimi sikusikia neno. Lipiko hasemi. Alinitazama tu kwa ule uso ambao nilikuwa nao kwapani, halafu akauchukua mkono wa mtoto na kuuweka ndani ya mkono wangu, akaufunika kwa wake. Maji yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Hapo nikamjua. Jina lake lilinijia ulimini, nikataka kumwita kwa sauti. Lakini mtoto alikuwa pale, ananitazama usoni. Nikalimeza.

Akageuka akaingia porini. Tulisikiliza njuga mpaka zikapotea.

"Twende nyumbani, baba," akasema Jasinta.

Asubuhi wachukuzi wakafika. Walisema mtumbwi ulipigwa na ndege walipokuwa wanavuka Ruvuma, siku moja kabla ya ile ngoma yetu, na Lidimo alitolewa majini amekwisha kufa. Wamemzika ukingoni. Mmoja wao akasema marehemu alikuwa na shanga nyekundu mkononi, za kitoto, na wao waliona si vizuri kumvua. Veronika alianguka chini pale pale.

Baada ya maombolezo akaja kukaa karibu nami. "Ahsante," akasema, "kwa kumchezea kaka yangu siku ile." Wazee nao walinisifu kwa wiki nzima: jamani, na mguu ule! Nilipokea sifa za mtu mwingine huku nimekunja uso, na wao wakadhani ni unyenyekevu.

Basi kazi ya lipiko ikawa yangu, vita vilipokuwa vikiendelea na hata baada ya bendera mpya kupandishwa. Mara ya kwanza nilipoingia uwanjani nilimtafuta Jasinta kwa kuchungulia kwenye mdomo wa kile kichwa. Hakunijia. Alisimama mbali, amemshika mtoto mdogo wa jirani aliyekuwa analia, nami nilipopita karibu nikamsikia anambembeleza: "Usiogope. Ni yeye."

Jioni tunakula ugali, akaniinamia sikioni. "Leo amekuja mwingine. Lakini usiwaambie wadogo, baba."

Nikamwahidi sitawaambia. Unaona nilivyofikishwa? Nimesota chini ya nguo zile kwenye joto lote lile, jasho linaniingia machoni, na binti yangu ananiomba nisiwaharibie wenzake lipiko, na huyo lipiko ni mimi, na hata hivyo si mimi anayetakiwa.

Sasa Jasinta ni mama wa watu. Yuko Mosimboa, na lipiko akitoka porini anakimbia na kupiga ukelele mbele ya watoto wake, vizuri kabisa, kama mama yake. Mwaka mmoja tumekaa barazani nikapata ujasiri wa kumwuliza: siku ile, baada ya kuniita Mwenye Mguu muda wote ule, kitu gani kilimfanya aniite baba?

Akanishangaa, kama nimemwuliza kwa nini maji ni maji.

"Si yeye ndiye aliyeniambia?"

Hata hilo. Hata neno hilo, ambalo nililisubiri mpaka nikakonda, nililipata kwa hisani yake.

Kwa hiyo sikiliza, wewe mwenye mtoto mdogo. Akipenda kitu chenye uso wa mti kuliko anavyokupenda wewe, vumilia, piga makofi, kimbia na wenzako wakikimbia. Usiende kule porini kuvaa uso usio wako ili upendwe wewe. Mimi nilikwenda, na mpaka leo nina wivu na mtu ambaye siwezi kumchukia, wala siwezi kugombana naye, na kila binti yangu anaponiita, nalazimika kumshukuru.