Makaa Yaliyooshwa

Linet Nyanchera hanuki marashi, hunuka asidi, hata akiwa kanisani. Tunafanya kazi pamoja katika maabara moja mjini Kisii, na sijaona mtu anayechukia uchafu kama yeye. Akikuta chupa imeoshwa nusunusu, anairudisha kwenye beseni bila kukutazama. Uchafu usioonekana ndio humkera zaidi: aseniki, risasi, zebaki, sumu ambazo mtu huzila huku akilamba vidole.

Mwaka jana kiwanda kimoja cha chai upande wa Manga kilianza kuchoma makaa ya mawe kwenye boila. Jivu likawa mlima. Meneja, Ombui, akaona heri wakulima wajichukulie bure. Nani angekataa? Huku kwetu jivu la jikoni hunyunyiziwa mboga tangu zamani, kufukuza wadudu. Sampuli ya makaa ikaletwa kwa Linet. Aliisaga, akaiyeyusha katika asidi, akaipitisha kwenye mashine. Aseniki ilikuwa kidogo sana. Basi Ombui akasimama kanisani, akatangaza kwamba Linet, mke wa kijana wetu, amesema jivu ni safi.

Majuzi Linet alipita kiwandani akaliona rundo lenyewe la makaa. Makaa yalikuwa yamefifia, yana michirizi ya manjano, hayafanani kabisa na sampuli. Akamwita Mokua, mtu wa boila aliyemletea sampuli ile.

"Madam, hii ya hivi ningekuleteaje?" Mokua alishangaa. "Nilikuchagulia ile ya kung'aa. Halafu nikaiosha vizuri."

Wala hakuwa na hila. Amekulia kwenye kuchuma chai: majani mawili na chipukizi, mengine karani wa kupima anakumwagia chini. Kwake yeye, kitu cha kukaguliwa hupelekwa kikiwa kizuri.

Linet alichota makaa kila upande wa rundo, juu, katikati na chini, akachota na jivu. Safari hii aseniki ilipanda hadi akasafisha mashine na kupima upya, akidhani amekosea. Ikapanda vilevile. Jivu lilikuwa baya zaidi, maana makaa yakiungua, sumu nyingi hubaki humo.

Ijumaa tulimkuta Ombui akinywa chai. Alitusikiliza huku akichovya mandazi.

"Ile ya kwanza ilikuwa nzuri. Tutumie hiyo," alisema. "Kwani kuna mtu amekufa?"

Akacheka, makombo yamemjaa midomoni. Nilitoka nje nikatema mate.

Kesho yake, Sabato, nilimsindikiza Linet kwa mama mkwe wake, Nyanchoka. Baada ya ibada nyumba ilijaa wageni. Tukaandaliwa ugali na mboga za managu. Linet hakugusa.

"Mama, hizi mboga uliziwekea jivu la kiwanda?"

"Na mingi! Si ni wewe ulisema iko safi? Si jina lako ndiyo Ombui alitaja mbele ya kanisa?"

"Walinipimisha makaa yaliyooshwa, Mama. Hilo jivu lina sumu."

"Unakataa chakula yangu mbele ya wageni?"

Wajukuu waliendelea kutafuna. Linet aliwanyang'anya sahani, akatoka nje na nguo zake za kanisani, akaingia shambani na kuanza kung'oa. Mzee wa kanisa alibaki ameshika tonge. Mkaza mwana anang'oa mboga za mama mkwe, tena siku ya Sabato!

"Mama Ian, leo ni Sabato!" Nyanchoka alipiga kelele mlangoni, akimwita Linet kwa jina la mtoto wake.

"Najua, Mama."

Hakuinua kichwa. Alikuwa analia kwa hasira, udongo umempanda hadi viwikoni. Nyanchoka akawageukia watoto, akawatazama midomo. Aliingia jikoni, akatoka na sufuria nzima na kuimwaga chooni.

"Hata kuku wasionje," alisema.

Bakuli moja tu la mboga, lililokuwa mezani, ndilo alilobakisha. Akalifunika kwa sahani, akaliweka juu kabatini.

"Hii ni ya Ombui. Kesho nampelekea mwenyewe, na nitasimama hapo nione akimeza."

Halafu akajifunga leso, akainama karibu na mkaza mwana wake, wakang'oa pamoja.