Nilivyotafuta pa kujifunza CSS kwa bei nafuu, kutoka Timau hadi Majimbo

Wakuu, nawasalimu kutoka Timau, huku baridi haijui jumapili wala jumatatu.

Naona kila mara mtu anauliza hapa, "Naweza kujifunza CSS wapi bila kutumia pesa mingi?" Anarushiwa links kibao, anasema asante, halafu hatumsikii tena.

Mimi nitawaambia vile ilinipata. Sijaongeza chumvi mahali, na hakuna kitu nauza.

Kwa wale hawajui, CSS ndiyo lugha ya kupanga sura ya page ya internet. Rangi, saizi ya maandishi, picha ikae wapi. HTML nilikuwa najua kidogo tangu nifanye certificate ya computer baada ya form four. Hiyo certificate ilikaa kwa sanduku. Nikaolewa, nikapata Mwenda, nikaingia kwa farm ya maua.

Kazi yangu ilikuwa packhouse. Unasimama, unapanga maua kwa box, unabeba box hadi cold room, unarudi. Bega la kulia likaanza kuuma. Nilidhani ni baridi tu, mpaka ikafika mahali siwezi kuanika nguo.

Daktari wa kliniki alinishika huo mkono akauinua, nikapiga kelele. Akaniambia, "Mama, acha kubeba. Usipoacha, hili bega litakuacha wewe."

Supervisor akaniweka light duty, yaani kufagia. Mtu yeyote amefanya farm anajua maana yake. Contract ikiisha, hawakuiti.

Mume wangu ni fundi wa mawe, leo kuna kazi kesho hakuna. Ilibidi nitafute kitu naweza fanya nikiwa nimekaa.

Binamu yangu Kinya anaishi Majimbo, Embu, na anafanya kazi ya ofisi. Akanipigia: "Kuna class ya web design imefunguliwa karibu na kwangu. Si ghali. Chukua leave ukuje tukae."

Mwenda nikamwachia mama mkwe, nikaenda.

Class ilikuwa sitting room ya mtu. Mwalimu ni kijana msafi, Kizungu cha haraka. Alikuwa anatupatia page imeshatengenezwa, sisi tunabadilisha rangi, anasema "wow". Siku moja nikamuuliza kwa nini maandishi yangu yanatoka nje ya box.

"Usijali madam, hiyo ni browser yako."

Nikachungulia screen yake. Ya kwake pia ilikuwa inatoka nje.

Haikuchukua muda, asubuhi moja tukapata kufuli kwa mlango. Caretaker alikuwa hapo anamwagilia sukuma wiki.

"Huyo alihama jana. Kwani hakuwaambia?"

Wengine walipiga makelele, pesa tulikuwa tumeshalipa. Mimi nilikaa kwa ngazi. Nilikuwa nimechoka mpaka hasira ikakataa kukuja.

Kando yangu alikaa Ireri, jamaa wa Kiritiri. Alikuwa amekuja na laptop yake ya zamani, na mimi ndiye nilikuwa natumia naye.

"Niliuza mbuzi nikuje hapa," akasema. "Sasa nikirudi sijui kitu, mathe ataniuliza mbuzi ilienda wapi. Nitamwambia nini?"

Tulicheka. Ile kicheko ya watu hawana lingine la kufanya. Tukabadilishana namba, tukakubaliana tutasoma wenyewe, kila mtu kwao, na kila mtu akipata kitu ya maana amwambie mwenzake.

Nikarudi Timau kwa ufagio wangu, na hapo ndipo nilijua uchovu.

Kwanza tulianza na PDF ya bure mtu alitutumia. Tuliisoma kwa bidii, kumbe ni ya kitambo sana. Mambo inafundisha watu waliacha kuyatumia.

Tukahamia video. Video ni tamu, shida ni bundles za internet. Unaweka asubuhi, jamaa bado anajitambulisha, bundles zimeisha.

Ireri ndiye aligundua kitu ya kutusaidia. Akanipigia: "Mama Mwenda, achana na video. Kuna documentation ya bure, ni maandishi matupu na mifano. Ukifungua page mara moja unai-save, unasoma hata network ikienda."

Na kwao network huenda sana.

Basi tukawa tunasoma hiyo. Mimi nilikuwa na simu tu, nimeweka app ya bure ya kuandikia code. Kuandika alama za mabano kwa simu na bega linauma, wakuu, sitaki hata kueleza. Nilikuwa nasoma wakati wa lunch nyuma ya packhouse. Wenzangu wakaanza kuniita sister, ati nasoma Biblia sana.

Kitu ilinitesa zaidi ni padding na margin. Nilisoma, nikasoma tena, haiingii. Halafu siku moja niko hapo nafagia, naangalia wasichana wakipanga maua, nikasimama na ufagio.

Maua ndiyo maandishi. Karatasi tunazungusha ndani ili yasigonge box, hiyo ni padding. Box yenyewe ni border. Ile nafasi tunaacha kati ya box na box ili hewa ipite, hiyo ni margin.

Nikampigia Ireri saa hiyo hiyo, nikamweleza.

Akasema, "Sasa huyo mtu wa Majimbo alishindwa kusema hivyo?"

Hiyo siku nilifurahi. Siku kama hizo ziko chache, ndiyo maana naitaja.

Contract iliisha na kweli hawakuniita. Sikushangaa. Karibu wakati huo huo simu za Ireri zikapungua, mwishowe mimi ndiye nikampigia.

"Mama Mwenda, nimepata kazi ya kupakia mchanga kwa lori," akasema. "Nikifika nyumba hata jina langu siwezi soma. Wewe endelea."

Nikamwambia apumzike kidogo, tutarudi pamoja polepole.

"Hapana. Lakini hii laptop inakula vumbi bure. Nitakutumia."

Nilidhani ni maneno. Nikashtuka kupigiwa simu na watu wa parcel. Ilikuwa imefungwa na blanketi ya mtoto, charger imezungushwa cellotape. Nilikaa kitandani nikaiweka kwa mapaja, nikampigia. Nikamwambia asante. Akasema, "Iwashe pole pole, huwa inakataa."

Kuanzia hapo mambo yalisonga. Nilikuwa nachagua page moja nzuri, naifunga, najaribu kuitengeneza upya kwa kichwa, nalinganisha. Hiyo ilinifunza kuliko kitu ingine yoyote, na haikuitisha bundles.

Kinya akaniunganisha na mama mmoja wa Meru town mwenye guest house. Website yake kwa computer ilikuwa sawa, lakini kwa simu picha ilikuwa imekalia button ya kubook. Aliyeitengeneza, akipigiwa alikuwa hashiki simu.

Niliitengeneza, nikaenda nimwonyeshe. Yule mama akavaa miwani, akafinya button, ikafunguka. Akafinya tena.

"Kumbe wageni walikuwa wanagonga ukuta," akasema. "Na mimi nilikuwa nadhani ni uchumi."

Nilitegemea nitarukaruka. Badala yake nilitoka hapo nikatafuta mahali pa chai, nikakaa nayo mpaka ikapoa. Nilikuwa nataka kulala tu.

Sijatajirika. Napata page moja hapa, moja pale. Kuna wakati hakuna kitu, naenda kibarua cha kupalilia, ile mkono mmoja unaweza. Ireri bado yuko kwa mchanga. Namsalimia, hatuongei mambo ya code.

Nilichojifunza ni hiki. Masomo ya CSS ni bure kabisa, usilipe mtu kabla hujasoma ya bure ukakwama. Soma maandishi kuliko video. Save pages. Angalia kama hiyo kitu unasoma ni ya juzi ama ya kitambo.

Lakini yenye ni ghali hakuna mtu huandika kwa hizo links. Ni nguvu inabaki baada ya kazi. Na ni kuwa na mtu mmoja wa kupigia ukikwama, mwenye hatakucheka. Nafikiri bila Ireri ningeacha mapema sana, na nafikiri yeye aliacha kwa sababu mimi nilikuwa mbali.

Kwa hivyo wakuu, mlisoma aje mkiwa na kazi na watoto? Semeni ukweli, hata kama mliacha.

Na wewe unaanza leo, grid, ile ya kupanga page kwa mistari na safu, bado inanishinda, usiniulize. Lakini ukikwama kwa padding na margin, andika hapa chini. Nitakujibu nikitoka shamba.