Kompyuta Nne Ndani ya Moja

Winfrida Mkwinda alizaliwa Lulindi, binti wa mwalimu wa shule ya misheni. Alisomea kompyuta Mtwara, na mwaka 2010 akaajiriwa na chama cha wakulima wa korosho Masasi. Soko la kompyuta lilikuwa limefunguliwa, kampuni binafsi zimeingia kila kona, na mojawapo ilikiuzia chama seva moja badala ya nne. Programu iliigawa seva hiyo ikawa kompyuta pepe nne, kila moja ikifanya kazi kana kwamba iko peke yake. Mojawapo ilibeba kanzidata, yaani orodha ya majina, ya wakulima.

Juni, mikorosho ikianza kutoa maua, wakulima walikuja kuchukua salfa ya kupulizia dhidi ya ubwiri, ukungu unaokausha maua. Kutafuta jina la mkulima mmoja kwenye kompyuta kulichukua dakika tano. Foleni ikafika barabarani.

"Iongezee memori," alisema meneja, Bwana Dastani.

"Tumeshaongeza, mzee, na ndiyo shida. Seva ina gigabaiti kumi na sita, lakini kila moja ya hizo nne tumeiahidi nane. Zinanyang'anyana. Zikikosa, zinakimbilia kwenye diski, na huko kila kitu kinakwenda polepole."

"Sasa?"

"Mbili hazitumiki, nizizime. Kanzidata niitengee kumi zake, zisiguswe. Naomba saa moja."

Dastani alikuna kidevu. "Watu wale utawaambia mwenyewe."

Winfrida akatoka nje. Mbele ya foleni alisimama Sikudhani, mkulima wa Lupaso, ambaye wenzake walimwita Mama Ashraf.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo kompyuta yenu inalima nini humo ndani? Maua yangu yanaliwa na ubwiri."

"Naizima niitengeneze. Nipeni saa moja."

Wengine waliguna. Mama Ashraf akatandika kanga, akaketi.

Saa moja ikawa karibu mbili. Winfrida alipoiwasha, akaandika Sikudhani wa Lupaso. Jibu likaja papo hapo: hayupo.

Winfrida akaita orodha nzima ya Lupaso, ikajaa kiooni mara moja, akaipitia jina kwa jina. Karibu na mwisho akakuta "Sikuzani". Karani aliyemsajili aliandika alivyosikia.

"Ndiye mimi," alisema Mama Ashraf, akaenda kuchukua mifuko yake.

Foleni ikaisha kabla ya alasiri. Wiki iliyofuata Winfrida alianza kusahihisha majina, kijiji baada ya kijiji, kazi iliyomchukua hadi korosho za kwanza zilipoanza kudondoka.