Difu Haina Pindo

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na matatizo yake yote yanatokana na hilo neno la kwanza. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina. Ni "Fundi, shikamoo", ni "Fundi, suruali yangu vipi?", na kwa kuitwa hivyo miaka nenda miaka rudi ameamini kwamba ufundi wote ni ukoo mmoja, na kwamba aliyepewa sindano amepewa pia mabomba, nyaya na injini. Aliwahi kututengenezea friji. Sasa tunawekea viatu. Mimi ni mdogo wa mkewe, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema, naye ana ruhusa ya kunisema, na hakuna kati yetu anayeiacha ruhusa hiyo ilale bure.

Jumamosi ninayoisimulia, dada yangu alikuwa amefunga mizigo tangu alfajiri. Binti yao amejifungua mtoto wa kwanza, naye anaishi mbali, kule lami inakokwisha na matope kushika zamu. Ndiyo sababu wanalo lile gari refu linalosukuma kwa magurudumu yote manne. Shida ni kwamba lilikuwa linanguruma kwa nyuma. Makanika wa jirani alilisikiliza akasema oili ya difu imechoka, wasithubutu kusafiri kabla ya kuibadilisha, kisha yeye mwenyewe akaenda zake kwenye kazi nje ya mji. Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, linaloyagawia nguvu. Nililijua siku hiyo, na sikuomba kulijua.

Sasa, shemeji na bintiye walikuwa hawaongei. Siku ya harusi binti alivaa gauni la kukodi, na lile alilolishona baba yake kwa miezi likabaki linaning'inia ukutani dukani. Kwenye picha zote za harusi mzee amenuna kama mtu aliyekanyagwa kidole. Tangu hapo salamu zao zinapita kwa dada. "Mwambie baba shikamoo." "Mwambie marahaba." Hata binti akija kututembelea, wote wamekaa sebule moja, na dada katikati kama dirisha la posta.

Basi mjukuu alipozaliwa, shemeji alitutangazia: "Mimi siendi kumtembelea mtu. Nampeleka mke wangu. Mimi ni dereva tu." Tukamwitikia, ndiyo, dereva. Kila mtu aliona jinsi alivyokuwa akiliosha gari mara mbili kwa siku. Alikuwa na hamu ya mtoto yule inayomla ndani kwa ndani, na gari ndilo lililokuwa linamsitiri. Bila gari, hana la kusingizia.

Akalipandisha gari kwa jeki, akalikalisha juu ya magogo, akajitupa chini yake na shati la kazini.

"Shemeji, una uhakika unajua unachofanya?" nikamuuliza.

"Kufungua, kumwaga, kujaza, kufunga. Hata wewe ungeweza, ungekuwa na akili."

Difu ina vizibo viwili: cha chini cha kumwagia oili chakavu, na cha juu cha kujazia mpya. Nikamwambia aanze na cha juu. Sikuwa najua lolote, nilitaka kumbishia tu.

"Suruali inapunguzwa kutokea wapi?" akaniuliza kutoka huko chini. "Kiunoni? Tunaanza na pindo, shemeji. Pindo kwanza."

Kizibo cha chini kikatoka bila ubishi. Oili ikamwagika, nyeusi, inanuka, ndani ya beseni alilolichukua barazani bila kuangalia. Lilikuwa beseni la kumwogeshea mtoto, jipya, bado lina karatasi yake. Dada akatoka, akaliangalia, akarudi ndani. Hakusema kitu. Dada yangu akikusema, umepona. Akinyamaza, tafuta pa kulala.

Shemeji akarudisha kizibo cha chini, akakikaza, akahamia cha juu. Spana ilikuwa pana kidogo. Mtu mwingine angetafuta nyingine. Yeye akachomoa kipande cha kitambaa mfukoni, akakitia kati ya spana na kizibo, akasema, "Tumeipunguza." Akavuta. Kitambaa kikachanika, spana ikateleza, kizibo kikalika pembe zote kikabaki duara kama kifungo cha koti. Akajaribu koleo. Akajaribu nyundo. Akajaribu kukibembeleza, nilimsikia. Kisha akaweka vifaa vyote chini.

"Shemeji?"

"Nafikiri."

Alikuwa na haki ya kufikiri. Oili ya zamani iko kwenye beseni, mpya iko kwenye kopo, na mlango umefungwa. Gari likitembea hivyo, difu inajisaga yenyewe.

Dada akatoka na begi begani. "Mimi napanda basi la mchana."

"Safari njema," ikajibu miguu iliyochomoza chini ya gari.

"Na wewe?"

"Mimi dereva. Gari halina oili."

Alilisema kwa sauti ndogo mpaka nikamwonea huruma, jambo lililonikera sana.

Dada akampigia bintiye kumwambia atachelewa, akaweka simu sauti ya juu.

"Mmekwama wapi, mama?"

"Baba yako amefungua difu."

"Ameanza cha chini?"

"Umejuaje?"

"Akasema pindo kwanza." Binti akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Baba, difu haina pindo."

Hapo mtoto akaamka kwa kilio, kelele ikajaa ua mzima. Ile miguu chini ya gari ikaacha kutikisika.

"Huyo ndiye?" shemeji akauliza. Ni maneno ya kwanza aliyomwambia mwanawe tangu harusi.

"Ndiye, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Ana sauti."

"Amekuchukua wewe akinuna." Akambembeleza mtoto kidogo. "Baba, hivi ni lazima uje na gari?"

Dada akaliangalia begi lake. Mimi nikatazama pembeni, kwa sababu kuna mambo hata mtani hatakiwi kuyatolea macho.

Shemeji akajivuta taratibu kutoka chini ya gari, shati limechanika mgongoni, oili mpaka kwenye nyusi. Akakaa chini akaikunjua mikono yake, akaigeuza huku na huku.

"Shemeji, nitafutie sabuni," akasema. "Siwezi kumshika mtoto na mikono hii."

Nikaenda kutafuta sabuni.