Siku Kanisa Lilipopimwa

Baba yangu alikuwa fundi wa mawe. Kanisa letu hapa Eldoret alilijenga yeye na wenzake, mama akiwachotea maji ya kuchanganyia simiti. Mama alipofariki, baba akahamia kanisani, tuseme hivyo. Kila asubuhi alikuwa pale, akifagia hata pasipo na takataka. Kwa hivyo nyufa zilipoonekana kwenye nguzo za orofa ya waimbaji, wazee wa kanisa hawakutafuta mtu wa mbali. Waliniita mimi, binti injinia, na mimi bila akili nikakubali.

Kazi yangu ni kupima mtetemo. Jengo lililo imara ukilitikisa hutetemeka upesi, likatulia. Likiwa limelegea ndani, hutetemeka polepole, hata kama rangi bado inang'aa. Kanisa hili nilikuwa nimelipima nikiwa chuoni, kwa mazoezi tu, hivyo nilijua lilivyokuwa lilipokuwa na afya.

Jumapili, ibada ilipoisha, nikafunga ngazi kwa kamba asipande mtu, nikabandika vifaa vyangu vya kupimia juu, kisha nikaomba waumini waliokuwa karibu na mlango wakanyage sakafu pamoja, kidogo tu.

"Injinia anapima kanisa," mzee mmoja akatangaza.

Wao waliposikia kupimwa, wakafikiria mtihani, na hakuna aliyetaka kanisa lianguke mtihani. Kwaya ikaanzisha wimbo kwa kinanda, wote wakaruka. Aliyeruka kuwashinda wote ni baba, na yale magoti yake mabovu, ndani ya koti lake la Jumapili.

Sijawahi kupata vipimo vya wazi namna ile. Kila walivyoruka, ndivyo mstari kwenye kompyuta ulivyonionyesha kwamba nguzo zimekwisha. Nikapunga mkono waache. Wakadhani nimefurahi, wakaongeza. Ilibidi nizime kinanda.

Baba akanijia akihema, jasho likimtiririka, uso umejaa tabasamu.

"Tumepita?"

"Hapana, baba. Itabidi libomolewe."

Alitazama nguzo, akanitazama mimi.

"Lakini tumeruka vizuri."

"Mmeruka vizuri sana, baba."

Akatoa leso, akajipangusa shingo taratibu.

"Hii simiti iko na maji ya mama yako," akasema. "Sasa asubuhi nitakuwa naenda wapi?"

Nililia mbele ya kwaya nzima. Yeye ndiye aliyenibembeleza.