Ng'ombe Aliyeingia Kwenye Wimbo

Wanaosema Orlena Shook alikuwa mkali hawakumjua kabla ya mwaka 1965. Kabla ya hapo alikuwa mwanamke wa kawaida wa milima ya Karolina ya Kaskazini: mjane wa miaka sitini na tisa, mwenye shamba dogo la tumbaku, ng'ombe mmoja na wimbo mmoja. Ukali aliletewa, na aliyemletea alikuja na gari safi na tabasamu pana.

Huo wimbo ndio uliokuwa mali yake hasa. Huko kwao kila ukoo una wimbo wake wa kuimba makaburini, Jumapili ile ya Juni watu wanapofyeka majani, wakaweka maua, kisha wakala pamoja pale pale nje. Wimbo wa ukoo wa Orlena ulikuwa na beti kumi na nne. Kumi na mbili zilivuka bahari pamoja na mababu, habari za baharia na msichana aliyemngoja. Mbili za mwisho alizitunga bibi yake, Mahala, mwaka alipomzika mwanawe Asa, mtoto wa miaka minne aliyechukuliwa na maji ya kijito. Beti hizo zilimtaja Asa kwa jina, na hakuna pengine popote alipotajwa, maana kaburini kwake liliwekwa jiwe la mtoni tu, lisilo na hata herufi moja.

Wimbo wenyewe ulifundishwa goti kwa goti. Mwalimu na mwanafunzi huketi wakitazamana, magoti yakigusana, bila gitaa wala karatasi. Mwalimu anaimba ubeti, mwanafunzi anaurudisha, akikosea anaanza upya. Orlena alifundishwa hivyo akiwa na miaka saba. Sasa wote walioujua wimbo mzima walikuwa wamekufa, amebaki yeye peke yake, na akienda yeye, Asa naye anakwenda mara ya pili. Wanawe walikuwa Detroit wakiunda magari. Mjukuu wake Twila, msichana wa miaka kumi na sita, aliishi naye, lakini kila alipoitwa kufundishwa alikuwa na udhuru.

"Bibi, beti kumi na nne! Kwani humo watu wanakufa mara ngapi?"

"Mara mbili tu. Njoo ukae."

"Kesho, Bibi. Haki ya Mungu, kesho."

Ndipo akaja Prentiss Ludlow, kijana msomi kutoka Boston, amebeba kinasa sauti kizito mpaka bega limelala upande. Alisema anaziokoa nyimbo za kale zisipotee. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakukutana na Prentiss. Orlena alimlisha maharage na mkate wa mahindi, akamnywesha mtindi, kisha akaketi barazani na kumwimbia wimbo wote.

Alipomaliza ubeti wa tano alimwona ng'ombe wake, Marvella, akiingia kwenye kabichi. Mtu wa shamba haachi kabichi iliwe kwa sababu anaimba. Orlena alipaza sauti kwa mwito ule wa kuvuta ambao wanawake wa milimani huitia ng'ombe, "Rudi, Marvella, rudi! Rudi nyumbani!" Kisha akashika ubeti wa sita kana kwamba hakuna lililotokea.

"Niurudie huo uliokatika?" aliuliza baadaye.

"Hapana, mama. Usiguse kitu. Umetoka vizuri mno."

"Haya. Lakini wimbo huo una wenyewe, kijana. Popote utakapoimbwa, semeni mmeutoa kwa nani."

"Bila shaka, mama," alijibu Prentiss, na maneno hayo hayakumgharimu hata jasho.

Wakati huo vijana wenye nywele ndefu kule mijini walikuwa wakiweka kando magitaa ya mbao na kuchomeka ya umeme, wakizunguka huku na huko kutafuta nyimbo za kale za kuzitilia ngoma. Masika ya mwaka uliofuata, Orlena akiwa anakanda unga, Twila aliongeza sauti ya redio. Gitaa la nyuzi kumi na mbili lililia, ngoma ikaingia, na vijana wanne wa California wakaanza kuimba habari za baharia na msichana wake. Sitadanganya: kwanza Orlena alifurahi. Ulikuwa wimbo wao, unatoka redioni! Alisimama na unga mikononi, akitabasamu. Kisha wale vijana wakaungana kwa sauti za malaika na kuimba kiitikio: *Rudi, Marvella, rudi. Rudi nyumbani.*

"Huyo ni ng'ombe wangu!" Orlena alipiga kelele.

Twila alicheka mpaka akashika meza. "Ng'ombe gani tena, Bibi! Marvella ni roho ya yule msichana aliyekufa. Gazetini wameeleza."

"Gazeti limewahi kumkamua?"

Orlena alisubiri beti za Asa. Hazikuja. Kati ya beti kumi na nne zilibaki nne, na kiitikio cha ng'ombe mara tano. Twila aliponunua santuri, waliona karibu na tundu la katikati pameandikwa kwamba maneno na muziki ni vya mwimbaji wa bendi ile, kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye hata kijito chao hajapata kukiona.

Orlena alimwandikia Prentiss barua. Jibu lilikuja kwa mashine ya chapa. Prentiss alieleza kwamba aliwapa marafiki mkanda ule wasikilize, nao wakawapa marafiki zao, na kwamba nyimbo za kale ni za watu wote, kwa hiyo mama ajivunie. Kuhusu ng'ombe, alimwomba asilisimulie jambo hilo, kwa kuwa litawaharibia wasikilizaji.

Za watu wote! Ni za watu wote mpaka siku ya kuandika jina kwenye santuri. Hapo ghafla zinakuwa za mtu mmoja. Hasira inanipanda hata leo nikiliandika hili. Orlena aliitia barua motoni, akaokea mkate.

Ikafika Jumapili ya makaburi, Juni 1966. Watu walikuwa wengi kuliko miaka yote, na meza ndefu zilikuwa zimejaa kuku na maandazi ya matufaha. Kabla Orlena hajasimama kuimba, Twila na binamu zake watatu walijitokeza na magitaa.

"Bibi, leo pumzika," alisema Twila, uso unang'aa. "Tumekuandalia zawadi."

Wakauimba ule wa redioni. Waliuimba hapo hapo, kati ya kaburi la Mahala na la mwanawe, wamefumba macho, wakimsihi ng'ombe arudi nyumbani. Na watu walilia. Wanawake watu wazima, waliomsikia Orlena miaka arobaini na kupiga miayo kwenye ubeti wa saba, walijifuta machozi kwa sababu ya mnyama aliyekula kabichi.

"Basi! Nyamazeni!" Orlena alisimama. "Sasa mtausikia ulivyo."

Akaanza, bila gitaa, kwa sauti yake kavu iliyonyooka. Ubeti wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Alipovuta pumzi aingie wa sita, mpwa wake Hobart, mzee wa kanisa, alimshika kiwiko kwa upole.

"Shangazi, umeruka kiitikio."

"Hakuna kiitikio, Hobart!"

"Si neno, Shangazi. Umri ni umri. Tutakusaidia." Akawageukia watu na kuinua mkono, na kiwanja kizima, kwa huruma kabisa, kikaimba kumsaidia kikongwe aliyesahau: *Rudi, Marvella, rudi.* Orlena aliendelea na ubeti wa sita, akaimba kwa nguvu zake zote, lakini midomo ilionekana ikicheza tu. Walipomaliza walimpigia makofi. Kisha Hobart akaombea chakula.

Orlena hakwenda mezani. Alichukua viti viwili, akaviweka kwenye nyasi vikitazamana, akamwita Twila kwa sauti ambayo msichana hakuwahi kuisikia.

"Kaa."

"Bibi, chakula kitapoa."

"Kipoe."

Twila alisimamisha gitaa lake kwenye jiwe la mtoni lililokuwa karibu, akaketi. Magoti yao yaligusana. Orlena hakuanza na ubeti wa kwanza kama alivyofundishwa. Hakujua tena ana muda gani. Alianza na wa kumi na tatu, akauimba mpaka mwisho, akangoja.

Twila hakuurudisha. Alikunja uso.

"Asa ni nani, Bibi?"

"Ondoa kwanza gitaa lako juu yake," alisema Orlena.