Mbuzi Walioondolewa Kisimani

Siku yangu ya kwanza kazini, Meja aliyekuwa mkuu wa kituo aliniuliza jambo moja tu. "Kisomali ulijifunza wapi?"

Nikamwambia kwetu ni Kajiado, lakini nilikulia Garissa, baba akiwa polisi huko. Akanipa vipokea sauti vya kuvaa masikioni. "Keti. Kuanzia leo wewe ni mpiga chapa. Hata mama yako ajue hivyo."

Kituo kilikuwa juu kilimani, Kona Baridi, vyumba viwili vya mabati na mlingoti. Tulikuwa wanawake wanne. Kazi yetu iliitwa kunasa: unasikiliza redio za adui tuliyepigana naye ng'ambo ya mpaka, unaandika kila neno kwenye daftari la zamu, pamoja na saa. Neno usilolisikia unaliachia nafasi. Sajenti wetu, mama mkali lakini wa haki, alituambia, "Ukibahatisha neno, unaweza kuua mtu."

Mwaka wa pili nikahamishiwa kambi ya karibu na mpaka. Ilikuwa kiangazi. Asubuhi moja, saa nne hivi, nikamnasa mtu ambaye sauti yake niliijua vizuri, maana kila siku alianza kwa mzaha. Siku hiyo hakutania. Alisema tu, "Ondoeni mbuzi kisimani," akanyamaza.

Nikakimbia kwa Kapteni. Magari yetu saba yalikuwa njiani, na yangepita kwenye kisima pekee cha eneo lile.

"Nisimamishe msafara kwa sababu ya mbuzi?" akauliza.

"Afande, kwetu Kajiado ni wafugaji. Kiangazi kama hiki, hakuna mtu anaondoa mbuzi kisimani kabla hawajanywa. Labda anajua kuna kitu hapo."

Alisoma daftari langu mara mbili. Kisha akachukua redio, akaamuru magari yasimame.

Mafundi wa mabomu walikuta matatu yamefukiwa barabarani, hatua chache kutoka kisimani. Jioni askari wa msafara walipita mbele yangu kwenye foleni ya chakula, wakicheka, na hakuna aliyejua mimi ni nani. Nilikula nikashiba.

Miaka ya mwisho nilirudi Kona Baridi kufundisha wasichana wapya, halafu nikastaafu, nikajenga hapa Kitengela. Mengi bado siwezi kusema. Haya machache niliruhusiwa, na mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mama, nyumbani Kajiado.

"Yeyo," nikamwambia, maana ndivyo Wamaasai tunavyomwita mama, "sikuwa napiga chapa. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza."

Mama aliweka birika mezani.

"Wewe?" akasema. "Wewe niliyekuwa nakuita mara tano uje uoshe vibuyu?"

Tukacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanimiminia chai, akavuta kiti chake karibu na changu, akasema, "Haya, anza mwanzo. Leo mimi ndiye nasikiliza."